Jino Lililouawa Laumaje?

Ami yetu mmoja alitujia siku moja baada ya Alasiri, mkononi ana kisanduku cha kiberiti. Alipokifungua tukaliona jego lake la chini, mizizi yake miwili mizima, na juu yake limezibwa vizuri. Siku tatu kabla ya hapo tabibu wa meno alikuwa amelimaliza kulitibu mzizi, kazi iliyochukua saa nyingi na fedha si haba. Usiku wa pili likamuuma. “Wanangu,” alituambia, “niliambiwa jino limeuawa, na maiti hasikii uchungu. Nikajua nimedanganywa.” Asubuhi yake akaenda kwa tabibu mwingine, akashikilia ling’olewe, likang’olewa.

Tulihuzunika, kwa kuwa aghalabu jino la namna ile halina kosa lo lote, na lau angalivumilia siku chache maumivu yangalikwisha yenyewe. Lakini pia hatuwezi kumlaumu ami peke yake. Tabibu aliyemtibu hakumwambia neno hata moja juu ya usiku wa pili. Na kwa kuwa khabari hii twaisikia majumbani mara kwa mara, tumeona yafaa tuieleze.

Jino si jiwe tupu. Ndani yake mna uwazi, na katika uwazi huo mna nyama laini yenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Uwazi huo hushuka ndani ya kila mzizi kwa njia nyembamba mpaka kwenye ncha, na hapo mishipa ile huingia katika mfupa wa taya. Uozo ukilitoboa jino hata ukaifikia nyama hiyo, tabibu ana mawili: ama kuling’oa, ama kuitoa nyama iliyoharibika, kuisafisha njia yake na kuijaza ili vijidudu visirudi.

Watu husema “ameliua jino”, na neno hilo ndilo lililompoteza ami yetu. Kilichotolewa ni kile cha ndani tu. Nje ya mzizi, baina yake na mfupa, zimebaki nyuzinyuzi ndogo zinazolishika jino katika shimo lake, nazo zina mishipa yao ya fahamu iliyo hai kabisa. Hizo ndizo ziumazo. Mgonjwa aweza kulijua jambo hili mwenyewe: maji baridi, ambayo juzi yalikuwa yakimrusha kitandani, sasa hayamwambii kitu; lakini akitafuna kipande cha mkate upande ule, huruka.

Na kwa nini nyuzinyuzi hizo zikasirike baada ya tiba? Hapa inatupasa kuvitazama vyombo vya kazi yenyewe. Tabibu huisafisha njia ya mzizi kwa tupa, si tupa ya fundi chuma, bali sindano nyembamba yenye makali ya kuzunguka kama parafujo, iliyotiwa kishikio kidogo cha rangi. Husimuliwa kwamba mtu wa kwanza kutengeneza chombo cha namna hii alikuwa Edward Maynard wa Marekani, katika mwaka 1838, naye alikichonga kutokana na kamani ya saa. (Bwana huyu alikuwa pia mbunifu wa bunduki, na katika historia wako wamjuao kwa bunduki zaidi kuliko kwa meno.)

Kwa miaka mingi kila mtengenezaji alifuata kipimo chake, hata tupa ya namba moja ya huyu haikulingana na ya yule. Mwaka 1958 mataalamu walipokutana Philadelphia ilitolewa rai ya kuweka kipimo kimoja, na kipimo hicho ndicho kilichoenea duniani. Namba ya tupa ni unene wa ncha yake kwa sehemu za mia za milimita. Tupa ya namba 10, yenye kishikio cha zambarau, ina ncha ya milimita 0.10, yaani kama unywele mnene. Ya namba 25 ni nyekundu. Ncha yake ni milimita 0.25, nayo huongezeka unene kidogo kidogo hata baada ya milimita 16 ikawa 0.57. Tabibu huanza na nyembamba, akaendelea na nene, huku akipima urefu wa mzizi kwa picha ya eksirei au kwa kile chombo cha umeme kinachomjulisha kuwa ncha ya tupa imefika mwisho wa njia.

Urefu huo ndio roho ya kazi. Tupa ikipita ncha ya mzizi hata kwa nusu milimita, huchoma zile nyuzinyuzi zenyewe. Na hata isipopita, unga wa jino, mabaki ya nyama na vijidudu vyaweza kusukumwa nje ya ncha, na mwili ukaviona kuwa ni adui, ukavipiga vita. Vita hivyo ndivyo uvimbe mdogo na maumivu ya usiku wa pili. Dawa ya kuoshea njia nayo ni kali, asili yake moja na ile ing’arishayo nguo nyeupe, na kazi yake ni kuua vijidudu na kuyeyusha nyama iliyokufa. Ndani ya mzizi ni rafiki. Nje ya mzizi huunguza.

Mwenye kumwona seremala ataelewa tofauti ya vyombo. Tupa ya mkono ikisukumwa na kuvutwa, yaweza kufanya kazi ya bomba la baiskeli, ikishindilia uchafu chini. Lakini keekee inapozunguka hupandisha unga juu. Ndivyo zifanyavyo tupa mpya zinazozungushwa kwa mashine, na uchunguzi uliolinganisha namna hizi mbili umeelekea kuonyesha kwamba za mashine hufuatwa na maumivu machache zaidi. Hizo si za chuma cha pua, bali za mchanganyiko wa nikeli na titani. Mwaka 1988 Walia, Brantley na Gerstein walitangaza kwamba tupa ya madini hayo, waliyoichonga kutokana na waya wa kunyooshea meno, hupindika mara mbili hata tatu kuliko ya chuma, basi hufuata kona ya mzizi bila ya kuutoboa. Aibu yake ni moja: ya chuma huonyesha dalili ya kuchoka kabla ya kukatika, lakini hii yaweza kukatika bila ya kutoa khabari. Kipande kikibaki ndani ya mzizi uliokwisha safishwa, aghalabu jino hudumu vizuri. Lakini ni haki ya mgonjwa kuambiwa, na kuandikiwa katika karatasi zake.

Chombo kimoja zaidi, ambacho mgonjwa aweza kukiuliza, ni kipande chembamba cha mpira kinachotandazwa mdomoni, jino likatokeza peke yake katika tundu. Sanford Barnum wa New York alikianzisha mwaka 1864. Mate hayaingii katika mzizi, na tupa haianguki kooni. Tumeona pahala pengi kimeachwa kwa kisingizio cha haraka.

Sasa turudi kwenye maumivu. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya kazi za wengi, ulionyesha kwamba kabla ya tiba wagonjwa 81 katika kila 100 walikuwa na maumivu. Baada ya siku moja walibaki 40, na baada ya juma moja 11. Basi si ajabu jino kuuma kesho yake, wala si dalili ya kuharibika kwa kazi. Katika siku hizo mgonjwa atafune upande mwingine, na anywe parasetamoli au ibuprofeni kwa kiasi alichoambiwa. Ibuprofeni isinywewe na mwenye vidonda vya tumbo, mwenye maradhi ya figo, mja mzito, wala mwenye pumu inayochochewa na dawa kama hizo, ila kwa idhini ya tabibu. Na ile desturi ya kubandika aspirini juu ya ufizi iachwe kabisa: huunguza nyama, na jino halipati kitu.

Ama dawa za kuua vijidudu, ambazo jirani huwa tayari kuzigawa kutoka kabatini mwake, hazipunguzi maumivu ya namna hii. Chama cha matabibu wa meno wa Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, kimeshauri kwamba mtu mzima mwenye afya asipewe dawa hizo kwa maumivu ya jino yasiyo na homa wala dalili za maradhi kuenea mwilini, ikiwa tabibu wa kulitibu jino lenyewe yupo.

Lakini kuvumilia kuna mpaka. Ikiwa jino lahisi refu, likigusa kabla ya mengine, mgonjwa arudi kwa tabibu alipunguze. Ni kazi ya dakika chache. Arudi vilevile ikiwa maumivu yazidi badala ya kupungua baada ya siku tatu, au mdomo umebaki na ganzi hata kesho yake, au uvimbe unakua. Huenda kuna njia iliyosahauliwa, kwani jego la kwanza la juu mara nyingi lina njia nne, na ya nne ni hodari wa kujificha. Au huenda jino lina ufa. Na uvimbe ukishuka chini ya kidevu au shingoni, mgonjwa akashindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, apelekwe hospitali saa ileile, ingawa ni usiku wa manane.

Ami yetu alipata jego jingine bovu baada ya mwaka, la upande wa pili. Safari hii tulikwenda naye, tukamwuliza tabibu mbele yake litauma siku ngapi. Tabibu akamwandikia katika kikaratasi: siku tatu, pengine juma. Usiku wa pili likamuuma kama la kwanza. Akakitoa kikaratasi, akakisoma, akameza kidonge chake, akalala. Siku ya sita alikula wali kwa upande ule.