Je, Wajua? Watoto Wanaoiponyoka Sensa

Je, wajua kwamba pale Kariandusi, karibu na Gilgil, bado unaweza kuyaona mashoka ya mawe yaliyotengenezwa zaidi ya miaka 700,000 iliyopita? Louis Leakey aliyagundua mwaka 1928. Ila mtoto wa mwezi mmoja anayelia kwenye ploti jirani, sensa inaweza kumpita hivi hivi.

Je, wajua kwamba hata Marekani yenyewe, sensa ya 2020 iliwakosa zaidi ya watoto 5 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano? Wazee, kwa upande wao, walihesabiwa kupita kiasi!

Je, wajua kwamba sensa ya Kenya ya 2009 iliandika watoto 5,939,306 wa umri wa miaka 0 hadi 4? Miaka kumi baadaye rika hilo lilikuwa na miaka 10 hadi 14, na sensa ya 2019 ikalikuta lina watu 6,344,752. Zaidi ya 400,000 wameongezeka, ilhali hakuna azaliwaye akiwa na miaka kumi, na vifo navyo havikusita. Wengine waliingia humo kwa umri wa kukisia: wa miaka 9 akaandikwa 10. Wengi wa waliobaki, kwa maoni yangu, walikuwepo 2009, ila hakuna aliyewataja.

Je, wajua kwamba mara nyingi mtoto hukosekana ndani ya nyumba ambayo karani ameshaihesabu? Karani anabisha hodi na kuuliza: ni nani waliolala hapa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti? Mwenye nyumba anaanza na watu wazima, anaingia kwa wa shule, anamaliza. Aliye mgongoni mwa mama hatajwi, maana "huyo bado ni mdogo."

Halafu kuna watoto wa nyumba mbili. Mama anafanya kazi kwenye maua Naivasha, mtoto kaachwa kwa nyanya huku Gilgil. Nyanya anasema, "Huyu ni wa Naivasha, ataandikwa huko." Naivasha mama anajibu, "Yuko kwa nyanyake." Kanuni ni nyepesi: mtu huhesabiwa alikolala usiku wa sensa. Shida ni kwamba kila mmoja anamwachia mwenzake.

Je, wajua kwamba kwa Wagikuyu wa zamani kuhesabu watoto kulikuwa mwiko? Wapo wazee ambao hadi leo watakutajia majina badala ya idadi.

Je, wajua kwamba mtaalamu wa takwimu za watu William Brass alifanya kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki, Nairobi, baada ya sensa ya 1948? Mbinu zake hutumia majibu ya akina mama, wamezaa wangapi na wangapi wako hai, kukadiria vifo vya watoto pale rekodi zinapokosekana. Zinatumika duniani kote.

Je, wajua kwamba kliniki inaweza kuchanja watoto zaidi ya asilimia 100? Asilimia hiyo hupimwa kwa makadirio ya watoto, nayo hujengwa juu ya sensa. Yakiwa pungufu, wanaobebwa mgongoni hadi kwenye sindano huwa wengi kuliko walio kwenye karatasi. Hapo nesi ndiye huulizwa takwimu zake amezitoa wapi.