Je, Wajua? Bruce Lee Alivaa Glovu za MMA Miaka 20 Kabla ya UFC

Watazamaji wengi wa Enter the Dragon, filamu ya mwaka 1973, hulisifia pambano la mwisho, lile la chumba cha vioo. Mimi nalipenda zaidi la kwanza kabisa. Bruce Lee anakabiliana na Sammo Hung, kijana mnene mwenye wepesi wa ajabu, wote wawili wamevaa bukta na glovu ndogo zinazoacha vidole wazi. Wanarushiana ngumi na mateke, wanaangushana, kisha Lee anambana mwenzake chini hadi anapigapiga kwa mkono kukubali kushindwa. Hiyo ni MMA, yaani mchanganyiko wa sanaa za mapigano, tupu!

Lakini mashindano ya kwanza ya UFC, ligi ya MMA, yalikuja miaka 20 baadaye: yalifanyika Denver, Marekani, Novemba 1993, na glovu zikawa lazima mwaka 1997 tu. Inauma kwamba Lee hakuishi kuona filamu yake ikizinduliwa. Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32. Filamu ikatoka mwezi uliofuata.

Muziki wa filamu hiyo nao usipuuzwe. Ulitungwa na Lalo Schifrin wa Argentina, yuleyule wa Mission: Impossible, na kwangu mimi ni miongoni mwa albamu bora za filamu za miaka ya 1970: magitaa ya fanki, tarumbeta kali, midundo inayokuinua kitini hata bila picha.

Ukiitazama filamu tena, kodoa macho kwenye vurugu za pangoni. Mmoja wa walinzi wanaochapwa na Lee ni Jackie Chan, wakati huo bado hajulikani.