Uvimbe wa Kurithi: Mzigo Usiopasa Kubebwa na Nyumba Moja

Baada ya swala ya Isha, baba mmoja wa jamaa yetu alibaki msikitini akatuomba nauli ya kumpeleka bintiye hospitali. Uso wa binti ulikuwa umevimba hata macho yakazibika. Haikuwa mara ya kwanza. Shangazi yake alikuwa na hali hiyohiyo, na bibi mzaa baba alifariki kwa kuvimba koo, ikasemwa amerogwa.

Kwa miaka kadhaa familia ile ilihangaika. Walinunua dawa za mzio zisizofaa kitu. Mbuzi waliuzwa, kisha mtaji wa genge ukaisha. Binti alikosa masomo siku mbili tatu kila alipovimba. Zaidi ya hayo, mama yake alilaumiwa na mawifi kwamba ameleta nuksi nyumbani, hali ugonjwa wenyewe ulitoka upande wa mumewe.

Maradhi haya huitwa anjioedema ya kurithi. Ni nadra, hukadiriwa kumpata mtu mmoja katika watu 50,000. Daktari William Osler aliyaeleza mwaka 1888 katika familia moja ya vizazi vitano. Mwaka 1963 ikabainika kuwa chanzo ni upungufu wa protini moja ya damu inayozuia uvimbe. Mzazi mwenye maradhi, awe baba au mama, kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuyarithi. Basi hapana haki ya kumtaliki mke wala kumkimbia mchumba kwa sababu ya jambo alilokadiria Mwenyezi Mungu.

Uvimbe huu kwa kawaida hauwashi wala hauambatani na vipele. Ukishika tumbo, maumivu huwa makali hata wengine wamepasuliwa bure. Ukishika koo, huua. Sauti ikibadilika au kumeza kukiwa kugumu, mgonjwa akimbizwe hospitali saa ileile. Kisomo ni kheri, na kisomwe njiani. Mtume wetu (s.a.w.) alituamuru kujitibu.

Familia yenye historia ya namna hii imweleze daktari nani alivimba na nani alifariki, na iulizie kipimo cha damu kiitwacho C4. Mgonjwa amtahadharishe daktari kabla ya kung'olewa jino, na kabla ya kupewa dawa za shinikizo la damu au vidonge vya uzazi wa mpango, kwani baadhi yake huchochea uvimbe.

Dawa mahsusi zipo, lakini ni ghali mno. Nchini Marekani, kinga ya mgonjwa mmoja hufikia mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka. Pasipo dawa hizo, madaktari huweza kutumia plazma itokayo katika damu ya wachangiaji.

Hapo ndipo jamaa inapoingia. Mgonjwa aliyefilisika kwa matibabu ni miongoni mwa wanaostahiki zaka zetu. Vijana wetu waweza kuchangia damu. Kina mama waweza kumtembelea mama yule na kumwondolea lawama. Nauli ya usiku ule ilipatikana kwa kuchangishana mlangoni. Haifai familia ingoje mchango mlango ukiwa umefungwa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atufanye wepesi wa kubebeana mizigo. Amin.