Mnyama Anayesimama kwa Vidole Vinne

Anayetaka kujua kama farasi ni mzima na afumbe macho kwanza. Saisi, yule mtunza farasi, ashike kamba na kumkimbiza matiti kwenye ardhi ngumu, naye msikilizaji atege sikio. Matiti ni mwendo wa mapigo mawili: mguu wa mbele wa kulia hukanyaga pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha wenzao wawili hupokea zamu. Farasi mzima hulia sawasawa, kama michi miwili inayopokezana kinu kimoja. Pigo moja likiwa zito kuliko la pili, kuna mguu unaoikwepa kazi yake.

Sasa macho yafumbuliwe, yatazame kichwa. Mguu wa mbele ukimuuma, farasi hunyanyua kichwa wakati mguu huo unapokanyaga ili kuupunguzia uzito, kisha hukiinamisha mguu mzima unapotua. Wengi hukosea hapa. Huona kichwa kikiinama, wakauchukua mguu uliokanyaga wakati huo kuwa ndio mgonjwa, wakaufunga bendeji mguu usio na kosa. Kwa miguu ya nyuma hutazamwa nyonga: ile ya upande wenye maumivu hupanda na kushuka zaidi ya mwenzake.

Je, wajua kwamba farasi hutembea kwa ncha za vidole? Kila mguu una kidole kimoja tu kinachofika ardhini, kile cha kati, na ukwato ni ukucha wake uliokua ukakizunguka. Kinachoitwa goti la mguu wa mbele kwa hakika ni kifundo cha mkono, pale binadamu anapovaa saa. Lile pindo la mguu wa nyuma, linaloonekana kama goti lililogeuzwa, ni kifundo cha mguu, na ncha yake ni kisigino. Mababu zake walioishi misituni zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita walikuwa wadogo, wenye vidole vinne mbele na vitatu nyuma. Vizazi vyao vilipozoea nyika za wazi, vidole vya pembeni vilipungua na misuli mikubwa ikabaki juu, karibu na kiwiliwili. Chini ya goti kuna mifupa, kano, mishipa na ngozi. Mguu mwepesi hurushwa upesi, na huo ndio ufundi wa mbio.

Ufundi huo una gharama yake. Farasi wa kawaida wa kupandwa ana uzito wa kilo 500 hivi, nao wote hukaa juu ya vidole vinne. Takriban asilimia 60 huangukia miguu ya mbele. Tena farasi hana mtulinga: hakuna mfupa unaounganisha miguu ya mbele na kiwiliwili. Kifua chake kimening'inizwa kati ya mabega mawili kwa misuli mipana, kama mtoto ndani ya mbeleko. Misuli ya upande mmoja ikilegea au ikikaza kupita kiasi, mbeleko huenda upande, na kila hatua hutua kombo.

Farasi anapokwenda shoti, mguu mmoja wa mbele huweza kupokea nguvu inayofikia mara mbili na nusu ya uzito wake wote. Zaidi ya tani moja, juu ya kidole kimoja, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho! Zinazomwokoa hapo ni kano ndefu zilizo nyuma ya mguu. Kifundo cha juu ya ukwato hushuka mpaka karibu na ardhi, kano zikavutika kama mpira wa manati, kisha zikairudisha nguvu hiyo kumsukuma mnyama mbele. Ndiyo maana farasi anaweza kwenda mbali bila kumaliza pumzi. Lakini si nguvu yote inayorudi. Sehemu yake hugeuka joto, na watafiti waliopima kano za farasi wanaokwenda shoti walikuta katikati mwake joto la nyuzi 45 hivi za selsiasi. Kano ikichanika hupona polepole, kwa miezi mingi, na kovu lake halina unyumbufu wa kano ya kwanza.

Chini ya yote kuna ukwato. Ukiutazama kwa nje utadhani ni kipande cha pembe kilichokufa, kumbe ni chombo chenye kazi nyingi. Wayo wake una kabari laini yenye umbo la herufi V, na juu ya kabari hiyo kuna mto wa nyuzinyuzi. Mguu ukikanyaga, kisigino hutanuka kidogo, mshindo ukapunguzwa na damu ikasukumwa kurudi juu. Ndani, mfupa wa kidole haukuegemea chini. Umeshikwa na ukuta wa ukwato kwa mamia ya vijikunjo vyembamba vilivyofumana, mithili ya kurasa za vitabu viwili zilizopachikana. Uzito wa mnyama huning'inia hapo.

Ukwato hukua milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, kwa hiyo huhitaji kupunguzwa kila baada ya wiki sita hadi nane. Ncha ikiachwa ikarefuka, farasi huchelewa kuinua mguu, na kano za nyuma hubeba mzigo usio wao. Upande mmoja ukibaki juu kuliko wa pili, viungo vyote vya juu yake hupinda kufuata. Xenofoni wa Athene, mwanajeshi aliyeandika kuhusu farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishauri anayenunua farasi aanze kukagua kwato, tena alitaka farasi asimamishwe juu ya mawe ya mviringo ili kwato zake zikomae. Ushauri wa kuanzia chini haujachuja hata leo.

Mbona basi tatizo linaloanza chini namna hii huchelewa kuonekana? Sababu moja ni farasi mwenyewe. Ni mnyama aliyezoea kuwindwa, na anayechechemea hadharani hujitangazia kifo, kwa hiyo huficha maumivu mpaka yamzidi. Sababu ya pili ni jicho la binadamu. Kwa karne nyingi wachoraji walimchora farasi wa mbio akiwa amenyoosha miguu ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, tumbo likielea hewani. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, mpigapicha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia kwa gharama ya tajiri Leland Stanford, akapitisha nyuzi ambazo farasi alizigusa kwa zamu alipokuwa akikimbia. Picha zilionyesha kwamba kweli kuna wakati kwato zote nne haziko ardhini, ila wakati huo miguu imekunjwa chini ya tumbo! Watu walioishi na farasi maisha yao yote hawakuwa wameliona jambo linalotendeka mbele yao kila siku.

Hata sasa madaktari wa mifugo wenye uzoefu huweza kutofautiana juu ya farasi anayechechemea kidogo tu. Ndiyo sababu baadhi ya hospitali za farasi hufunga vihisi vidogo kichwani, kiunoni na mguuni, kisha kompyuta ikapima tofauti za milimita kati ya hatua ya kulia na ya kushoto. Mbinu ya zamani haijaachwa: daktari huchoma dawa ya ganzi kwenye neva ya ukwato, akasubiri dakika chache, akaomba farasi akimbizwe tena. Kichwa kikiacha kuinama, chanzo kimepatikana chini ya sindano. Kisipoacha, anapanda juu kituo kwa kituo.

Hakuna kisa kinachoonyesha zaidi ugumu wa kugawana uzito kuliko kile cha Barbaro. Tarehe 6 Mei 2006 farasi huyu wa Marekani alishinda mbio za Kentucky Derby kwa mbali, akiwa hajawahi kushindwa. Wiki mbili baadaye, tarehe 20 Mei, mguu wake wa nyuma wa kulia ulivunjika vipande zaidi ya 20 mwanzoni mwa mbio za Preakness huko Baltimore. Daktari Dean Richardson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliuunga kwa bamba la chuma na skrubu 27. Mfupa ukaanza kuunga, na watu wengi wakaanza kutumaini.

Balaa likazuka upande wa pili. Mguu wa nyuma wa kushoto, ule mzima, ulikuwa ukibeba zamu ya mwenzake usiku na mchana. Vile vijikunjo ndani ya ukwato huhitaji mguu upandishwe na kushushwa ili damu ipite vizuri. Mguu usiopumzishwa hukosa mzunguko huo, vijikunjo vikavimba na kuachana na ukuta. Ugonjwa huo huitwa laminitisi. Mwezi wa Julai madaktari walilazimika kuondoa sehemu kubwa ya ukwato wa kushoto. Januari 2007 kwato za mbele nazo zikaugua, na tarehe 29 ya mwezi huo Barbaro alilazwa usingizi wa mwisho. Mguu uliovunjika haukumuua moja kwa moja. Aliishiwa miguu ya kusimamia.

Mambo ya farasi wengi si makubwa kiasi hicho. Farasi wengi huwa na upande wanaoupenda, kama mtu na mkono wake wa kulia, na kazi ya mfunzi ni kuusaidia upande mnyonge kabla haujaugua. Mfaransa François Robichon de la Guérinière, katika kitabu chake cha 1733, alieleza zoezi ambalo shule za upandaji hulitumia hadi leo: farasi huenda kando ya ukuta huku mabega yameingizwa ndani kidogo, hivyo mguu wa nyuma wa ndani hulazimika kuingia chini ya tumbo na kubeba. Hufanywa kulia, hufanywa kushoto, bila upendeleo. Miti iliyolazwa ardhini humfanya farasi akunje viungo na kuinua miguu sawasawa. Hata karoti ni dawa: Narelle Stubbs, Hilary Clayton na wenzao walichapisha mwaka 2011 utafiti ulioonyesha kwamba farasi waliofuatisha karoti kwa pua, mpaka kifuani, kati ya magoti na ubavuni, siku tano kwa wiki kwa miezi mitatu, walinenepa misuli midogo inayoshikilia uti wa mgongo.

Aliyepanda naye ana sehemu yake. Kikuku kimoja kikiwa kifupi, au mpandaji akiegemea nyonga moja, mgongo wa farasi hulipa. Wapakiaji wa punda wa Lamu wanalijua hili bila maabara: shogi, yale makapu ya mizigo, hutundikwa mbavu zote mbili, na mchanga wa upande mmoja ukizidi, tandiko huzunguka na punda hujipinda kuuzuia mzigo. Farasi mwenye maumivu mgongoni hujieleza kwa njia nyingine. Mwaka 2018 daktari Sue Dyson wa Uingereza na wenzake walitoa orodha ya tabia 24 za farasi anayepandwa, zikiwemo masikio kulazwa nyuma, mkia kupigwapigwa, mdomo kuachama na kichwa kupindishwa. Akionyesha nane au zaidi, yaelekea ana maumivu. Inasikitisha kufikiria ni farasi wangapi walichapwa kwa ukaidi, kumbe walikuwa wakilia kwa lugha pekee waliyonayo.

Katika mazizi yenye saisi makini, kazi hii huanza kabla ya matandiko kuguswa. Huinama, akakwangua udongo kwenye kila ukwato. Hupitisha kiganja nyuma ya goti kufuata kano mpaka chini, mguu wa kulia, halafu wa kushoto, akitafuta joto ambalo jana halikuwapo. Huweka vidole viwili nyuma ya kifundo kuusikiliza mshipa wa damu, maana ukwato ukianza kuvimba ndani, mshipa huo hupiga kwa nguvu. Kisha hufungua mlango, akashika kamba, akamtoa farasi nje kwa hatua za polepole, masikio yake mwenyewe yakiwa kwenye sakafu.