Usipuuze kichwa kinachouma wiki kadhaa baada ya kugongwa

Mtu akianguka kutoka kwenye bodaboda na kuzirai, wapita njia humkimbiza hospitalini. Lakini je, ukijigonga kwenye mlango wa matatu, ukajisugua na kuendelea na safari, nani atakumbuka jambo hilo mwezi mmoja baadaye? Ni katika kusahau huku ambako damu inayovuja polepole kando ya ubongo hupata nafasi ya kuhatarisha maisha.

Ubongo umefunikwa kwa tando tatu. Mishipa midogo ya vena hutoka juu ya ubongo na kuingia katika utando wa nje, ulio mgumu. Kichwa kikitikisika kwa nguvu, mshipa mmoja unaweza kukatika, na damu ikaanza kukusanyika chini ya utando huo. Mwili huizingira damu hiyo kwa ngozi nyembamba, ambayo nayo huota vijishipa dhaifu vinavyovuja tena. Hivyo damu huongezeka kidogo kidogo kwa wiki nyingi, ikiukandamiza ubongo. Ni Wilfred Trotter, daktari wa upasuaji wa London, aliyeeleza mwaka wa 1914 kwamba chanzo ni jeraha la vena hizo. Kabla ya hapo wengi waliamini kuwa ni ugonjwa wa utando wenyewe.

Wazee ndio wanaopatwa zaidi, kwa sababu ubongo wao umesinyaa na vena zimevutika. Lakini vijana nao hawajasazwa. Kwao, sababu kuu ni hizi:

Kwanza, majeraha ya kichwa: ajali za barabarani, vita, ndondi, hata mpira wa miguu. Baadhi ya vijana huzaliwa na kifuko cha maji kando ya ubongo bila kujua, na hao wanaweza kuvuja damu hata kwa pigo dogo.

Pili, pombe. Mlevi huanguka mara kwa mara, na ini lililoharibika hushindwa kutengeneza viini vya kugandisha damu. Mwenye kifafa pia huumia anapoanguka.

Tatu, damu isiyoganda vyema, iwe ni kwa ugonjwa wa kuzaliwa nao kama hemofilia, au kwa dawa kama warfarini.

Nne, kuvuja kwa maji ya uti wa mgongo, kwa mfano baada ya sindano ya ganzi ya mgongoni wakati wa kujifungua kwa upasuaji. Maji yakipungua, ubongo hushuka na kuzivuta vena. Mwanzoni kichwa huuma ukisimama na kupoa ukilala. Kisipopoa tena hata ukilala, mwone daktari mara moja.

Dalili kuu kwa vijana ni maumivu ya kichwa yanayozidi siku baada ya siku. Huenda ukatapika, ukasinzia ovyo, ukasahausahau, ukabadilika tabia, au mkono na mguu wa upande mmoja ukalegea. Ni rahisi kudhani ni malaria, kipandauso au mawazo ya kazi.

Usiendelee kumeza tembe tu. Aspirini, hasa, huzuia damu kuganda. Ukienda kwa daktari, mweleze kila pigo ulilopata katika miezi mitatu iliyopita, hata lile dogo, na kila dawa unayotumia. Kama unatumia warfarini, usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Mgonjwa akipoteza fahamu, akipatwa na degedege au akilegea upande mmoja, apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo.

Picha ya CT huonyesha tatizo. Damu ikiwa kidogo, daktari anaweza kuifuatilia tu. Ikiwa nyingi, mpasuaji hutoboa tundu dogo kwenye fuvu na kuitoa, na wengi wa vijana hupona vizuri wakiwahi.

Kwa hivyo, msomaji, vaa helmeti hata kama safari ni fupi. Na kichwa chako kikiendelea kuuma, jiulize kwanza: niligongwa lini?