Nani Hukimaliza Kiputo Ndani ya Damu?

Msomaji mmoja ameuliza: mpiga mbizi akiibuka haraka mno, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini mwake hufanya viputo, je, viputo hivyo huishia wapi, na kwa nini mgonjwa hupewa oksijeni badala ya dawa ya kuviyeyusha? Namna vinavyozaliwa imekwisha elezwa sana tangu Mfaransa Paul Bert alipoonyesha, mwaka 1878, kwamba chanzo ni naitrojeni. Kinachostahili mshangao zaidi ni namna vinavyokufa. Damu haikiyeyushi kiputo kwa uwezo wake yenyewe. Wanaokimaliza ni seli zetu, kwa kula oksijeni.

Tuhesabu kwa milimita za zebaki, kipimo kilekile cha shinikizo la damu. Kwenye usawa wa bahari, angahewa hutubana kwa 760. Damu itokayo mapafuni ina takribani 100 za oksijeni, 40 za kaboni dioksidi, 47 za mvuke wa maji na 573 za naitrojeni; jumla 760. Ikishapita kwenye misuli, oksijeni imeshuka hadi 40, lakini kaboni dioksidi imepanda hadi 46 tu, kwa sababu gesi hii huyeyuka zaidi ya mara 20 kuliko oksijeni, na sehemu yake kubwa hugeuka bikaboneti, isiyo na shinikizo la gesi. Jumla sasa ni 706. Zimepungua 54, na upungufu huo nitauita pengo la oksijeni.

Fikiria mchango wa harusi ambao kamati imeupangia 760. Mchangiaji aliyeahidi 100 ametoa 40, jirani yake ameongeza sita, wa tatu ametoa 47 zake za kawaida. Damu ni kamati inayovumilia upungufu, kwa kuwa kimiminika hakihitaji gesi ili kijaze nafasi yake. Kiputo hakina hiari hiyo. Angahewa inakikaba mpaka jumla itimie, na kwa kuwa wale watatu hawaongezi kitu, deni lote linamwangukia mchangiaji wa nne, naitrojeni, anayelazimishwa kutoa 627. Nje ya mlango, kwenye damu, anadaiwa 573 tu. Basi anatoka. Kila sehemu yake inapotoka kiputo kinasinyaa, lakini lengo linabaki 760 na waliosalia wanadaiwa 627 zilezile, wala hakuna anayepata nafuu kwa kuwa wenzake wameondoka. Tena kiputo kikiwa kidogo sana, mkazo wa uso wake hukibana zaidi, lengo linapanda juu ya 760, na wa mwisho hukimbia kwa kasi kuliko wa kwanza.

Mtu atauliza: kama pengo lipo daima, mbona wapiga mbizi hupooza? Kwa sababu aliyetoka kilindini amejaa naitrojeni kupita kiasi. Mita 30 chini, shinikizo ni mara nne ya lile la juu, na tishu zake zikiibuka na naitrojeni inayozidi 627, gesi huingia kwenye kiputo badala ya kutoka. Mwingine atasema oksijeni nayo ni gesi, hivyo itakivimbisha kiputo. Ingekuwa hivyo kama isingeliwa. Mgonjwa akivuta oksijeni safi, mapafu huiondoa naitrojeni kwenye damu, huku seli zikiendelea kuila oksijeni iliyochukua nafasi yake. Naitrojeni ya damu ikikaribia sufuri, tofauti iliyokuwa 54 hupita 500. Wa tatu atapendekeza kurudi chini na mtungi wa hewa. Ni kweli maji yatakibana kiputo, lakini kila pumzi ya hewa itaongeza naitrojeni mwilini. Chumba cha shinikizo huunganisha faida zote mbili bila hasara hiyo, kwani humbana mgonjwa hadi takribani mara 2.8 ya angahewa huku akivuta oksijeni, chini ya uangalizi, maana oksijeni nyingi mno huweza kuleta degedege.

Kwa hiyo mashua inayopeleka watu kuzamia majongoo bahari kwa mitungi haijakamilika bila mtungi mmoja wa oksijeni safi. Dawa ya maumivu humtuliza mgonjwa huku kiputo kikibaki palepale. Oksijeni inayoanza kuvutwa dakika ileile, wakati safari ya kwenda hospitali ikipangwa, huzipa seli nafasi ya kuifanya kazi ambayo hakuna dawa ya kumeza inayoiweza.