Mkokoteni mwepesi, mkokoteni imara (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza mchoro wa kompyuta unaoongozwa na vigezo, yaani urefu, upana, unene na nafasi kati ya mhimili na mhimili. Ukibadili namba moja, mchoro mzima unajirekebisha. Leo tuupeleke ujuzi huo Kariakoo, Dar es Salaam, kwenye chombo kinachohamisha shehena kutoka ghalani hadi dukani: mkokoteni. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya uzito wa fremu nzito haiongezi uimara wowote. Inatokana na kutopiga hesabu, na hasara yake inaanza kwa anayenunua chuma na kuishia mgongoni mwa anayesukuma.

Tuchukue nondo ya mraba ya milimita 20, isiyo na uwazi ndani. Mita moja ina uzito wa takriban kilo 3.1. Paipu ya mraba ya milimita 40, yenye unene wa milimita 2, ina kilo 2.4 tu kwa mita. Chuma kimepungua karibu robo, lakini paipu inakataa kupinda mara 5 na nusu zaidi ya nondo. Sababu ni kwamba mhimili ukilemewa, upande wa juu unabanwa na wa chini unavutwa, huku chuma cha katikati kikifanya kazi ndogo sana. Nguvu, basi, hutegemea mno mahali chuma kilipowekwa. Msanifu majengo Beda Amuli alilijua hilo aliposanifu soko kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975: miavuli ya zege ya paa lake imepata nguvu kutokana na umbo.

Hesabu ya mhimili mmoja inafanyika kwenye karatasi, lakini fremu nzima inahitaji kompyuta. Programu huigawa fremu katika maelfu ya vipande vidogo, ikakokotoa mkazo wa kila kipande na kuuonyesha kwa rangi. Palipoelemewa, kwa kawaida kwenye viungo karibu na ekseli, fundi anaongeza kibati. Pasipo na mkazo anapunguza chuma.

Wapo watakaosema kuwa mkokoteni hujazwa kupita kiasi na kugonga mashimo, hivyo uzito ndio salama yake. Lakini mzigo uliozidi na kishindo cha shimo navyo ni namba za kuingizwa kwenye jaribio la kompyuta, na kiungo kibovu huvunjika hata kama fremu ni nzito. Wengine watauliza kilo chache zina faida gani chini ya shehena kubwa. Jibu ni kwamba chuma kisichotumika hakinunuliwi, na mkokoteni hurudi mtupu baada ya kila safari. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kompyuta haioni kutu wala uchomeleaji mbovu, na paipu nyembamba mno hubonyea. Kwa hiyo unene uwe na akiba, na fremu ya kwanza ijaribiwe kwa mzigo halisi kabla ya kuuzwa.

Gharama ya programu si kikwazo: FreeCAD hupatikana bure na ina sehemu ya kukokotoa mkazo. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam haiko mbali na karakana za Gerezani, jirani na Kariakoo. Walimu wake wawape wanafunzi mkokoteni kama kazi ya mwaka wa mwisho, SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, iwakutanishe na mafundi, na michoro itakayofaulu itolewe bure kwa kila karakana.